Mke Mwenzangu Kwenye Behewa la Mbele

Wenzangu wa kahawa, mmeniuliza kila mmoja kwa njia yake. Mmoja kanipigia simu, mmoja kanitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko khutba, na mmoja wenu, simtaji, kaenda kumuuliza fundi wangu wa nguo kule Hamriya badala ya kuniuliza mie mwenyewe. Swali lenu ni moja: ni kweli Raya alimwacha mke mwenzake kwenye treni Ujerumani? Basi naandika mara moja, msome wote, halafu tunywe kahawa yetu kwa salama.

Sikumwacha. Nilimpoteza. Siku ile, nikiwa nimesimama pale kituoni, sikuona tofauti baina ya mawili hayo.

Kwa asiyetujua vizuri, marehemu mume wetu alikuwa na nyumba mbili. Da Thuweiba, mke mkubwa, anakaa Bustan, hapa Muscat. Mie, mke mdogo, nnakaa Al Khuwair, karibu na wizara niliyofanya kazi mpaka nikastaafu. Marehemu alipofariki tulikaa eda kila mtu kwake. Tulikuwa tukionana kwenye harusi na misiba, tukisalimiana na kuulizana hali za watoto, basi. Hatukugombana hata siku moja, na hatukuzoeana.

Mwana wa pekee wa Da Thuweiba, Nassor, ni mhandisi mjini Munich. Mama yake alikuwa hajaona anapoishi, na roho yake haikutulia. Lakini ana maradhi ya sukari, hajui Kiingereza, na safari anazozijua ni za Makka na Unguja tu. Nassor akanipigia mie. "Mama mdogo, nakuomba umsindikize mama. Sina mwengine wa kumwamini." Mtoto akikwambia hivyo utajibu nini? Nikasema inshallah.

Muscat hadi Munich

Ndugu zake Da Thuweiba walitusindikiza uwanja wa ndege. Mkubwa wao, mtu ambaye miaka yote hatukuzidi salamu, alinivuta pembeni akaniambia kwa upole, "Bi Raya, dada yetu ni amana kwako." Nikamwambia kheri inshallah. Mnanijua mie. Amana ya sahani tu nikipewa, silali mpaka niirudishe.

Ndani ya ndege Da Thuweiba aliishika tasbihi yake asiiachie. Chakula kilipoletwa akaniambia, "Waulize hii nyama ya nini."

"Kuku, Da Thuweiba. Na ni halali, imeandikwa."

"Waulize."

Nikauliza. Akaniambia niulize tena kwa yule mwengine, nikauliza tena. Mwisho akala wali mtupu, kuku akanisogezea mie. Alipolala nikawa namtazama kama kifua kinapanda na kushuka. Sikusinzia njia nzima, na filamu iliyokuwa mbele yangu sikumbuki hata ilikuwa inahusu nini.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Nassor alikuwa na likizo, akatutembeza. Tuliona soko la maua na jibini, tukaona mnara wenye saa na masanamu yanayozunguka yakicheza, watu wamejazana chini vichwa juu kama wanatazama mwezi wa Idi. Da Thuweiba alitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Wamemaliza? Basi twende, miguu imeganda." Baridi yenyewe wenyeji wanaiita masika.

Kisha Nassor akaitwa kazini siku moja. Hakutaka tubaki ndani. "Nendeni mkaone kasri la mlimani," akasema. "Treni inakwenda moja kwa moja, hakuna kubadilisha. Nyinyi mkae pamoja tu, na mama mdogo asome vibao."

Nyumbani hadi kituoni

Asubuhi ile Da Thuweiba alijidunga sindano yake kama kawaida kabla hatujatoka. Asiyejua sukari nimweleze: ukishajidunga sindano ile lazima ule, na usikawie. Ukikawia, sukari inashuka, mtu anatoka jasho, anapotewa na akili, na asipopata kitu kitamu anazimia. Wengine hawaamki.

Mkate wa pale hakutaka kuugusa. Alisikia Muscat kuwa ipo mikate inayotiwa mafuta ya nguruwe, na Nassor aliapa lakini kiapo hakikufaa. Kwa hivyo nilikaanga mayai na kuchoma chapati, nikavifunga kwenye mkoba wangu pamoja na kopo la visheti tulilotoka nalo nyumbani. Mpango ulikuwa tule kwenye treni. Mkoba huo huo niliutia na paspoti yake, kwa kuchelea ataipoteza, na simu yake, niliyoitoa kwenye chaji, na tiketi, ambayo ilikuwa moja kwa watu wawili. Nilijiona hodari.

Kituo kikubwa cha Munich ni kama uwanja wa Idi ambao kila mtu anajua pa kusimama isipokuwa wewe. Tulisimama jukwaa moja, kumbe treni imehamishiwa jengine. Watu wote wakaanza kukimbia, na sie nyuma yao na mabuibui yetu. Kufika huko, ubao ukaandika kuwa treni imechelewa. Ikachelewa, na ikazidi kuchelewa.

"Kula hapa hapa, Da Thuweiba," nikamwambia. "Chapati moja tu."

Akanitazama kama niliyemwambia avue viatu sokoni. "Mie nile nimesimama, watu wanapita? Nistiri, Raya. Tutakula tukikaa."

Nilitaka kumlazimisha, lakini yeye ni mke mkubwa, na heshima ilinishinda. Nikabaki kumchungulia uso.

Ndani ya treni

Treni ilipokuja tulipata viti vizuri, vinavyotazamana, kwenye behewa lisilo na watu wengi. Mbele yetu alikaa bwana mmoja anasoma gazeti. Nikafungua mkoba. Da Thuweiba akaniwekea mkono. "Ngoja huyu bwana ashuke."

Tukangoja. Nje yalipita mashamba ya kijani kibichi, kijani cha kuumiza macho, na ng'ombe wanono wamelala. Mie ng'ombe sikuwaona hasa. Nilikuwa natazama vidole vyake kwenye tasbihi kama vimeanza kutetemeka.

Treni ikasimama kwenye kituo kidogo, bwana akakunja gazeti akashuka. Nikasema alhamdulillahi, nikaitoa chapati. Hapo hapo akaingia mama mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, kavaa koti la mvua la kiume, na nyuma yake mbwa. Si mbwa wa kuchezea. Mbwa mkubwa kama ndama, ana manyoya ya kahawia na mate yanamtoka. Akaja moja kwa moja akanusa ncha ya buibui la Da Thuweiba.

Da Thuweiba anaogopa mbwa tangu mdogo, na juu ya hayo alikuwa na udhu wake. Hakupiga kelele. Aliinuka kama mtu aliyeitwa, akaukamata mlango. "Nakwenda kukaa behewa la mbele," akaniambia. "Niletee mkoba."

Dirishani nilimwona anatembea juu ya jukwaa, upepo umelijaza buibui lake, akainua mguu akaingia mlango wa mbele. Nikasema vizuri, namfuata. Nikaivuta kamba ya mkoba. Haikuja. Mbwa alikuwa ameshalala juu yake.

Nikamwambia yule mama samahani. Alikuwa amenipa mgongo anakunja mwavuli, hakunisikia. Nikamtazama mbwa, mbwa akanitazama. Wallahi sikuthubutu kuivuta tena. Juu yetu sauti ya mwanamke ikatangaza kitu kwa Kijerumani, polepole, kwa upole, tangazo refu, na mie sikulitia maanani kwa sababu toka asubuhi matangazo yalikuwa mengi.

Kikasikika kishindo kidogo. Nikatazama nje, nikaona tunakwenda kinyumenyume. Nilidhani hivyo. Kumbe sisi tulikuwa tumesimama, na waliokuwa wanakwenda ni mabehewa ya mbele. Treni ilikuwa imekatika vipande viwili. Da Thuweiba alikuwa ndani ya kipande kinachoondoka, amekaa karibu na kioo, kanipa mgongo, anaweka sawa ushungi wake.

Kwenye njia panda

Mbwa au si mbwa, niliivuta kamba. Nikashuka mbio. Reli zilikuwa zinaachana pale mbele, moja kulia, moja kushoto, na mabehewa yale yalikuwa yanashika ya kulia yakizidi kuwa madogo.

Kituo kile hakikuwa na mtu. Palikuwa na mashine ya tiketi, benchi, na chungu cha maua. Hapana afisi, hapana askari, hapana wa kumuuliza. Nikaufungua mkoba, sijui kwa nini, labda nilidhani nitapata humo kitu cha kunisaidia. Nikaona paspoti yake. Simu yake. Kimashine chake cha kupimia sukari. Chapati zake, mayai yake. Kila kitu cha kumwokoa nilikuwa nacho mie, na yeye alikuwa hana hata jina lake limeandikwa popote. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiy, nikafika katikati nikasahau, mie ninayeisoma toka nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani.

Yule mama alishuka na mbwa wake. Milango ya kipande chetu ikafungwa nyuma yake, nacho kikaondoka kuelekea kushoto, kwenye kasri. Kwa hivyo na yeye alikuwa ameiacha treni yake, na hilo sikulifikiri mpaka baadaye.

"Kuna nini?" akaniuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza, nacho changu wakati ule kilikuwa cha kuokoteza zaidi.

"Mwenzangu. Yuko kule. Ana sukari, amepiga sindano, hajala kitu."

"Dada yako?"

Khofu ikikushika unasema kweli hata pasipo haja. Nikamwambia, "Mke wa mume wangu."

Akanitazama vizuri, pengine akidhani nimeanza kuchanganyikiwa. "Mke wa mume wako ni wewe."

"Ni mie. Na yeye pia."

Mbwa akakaa kitako. "Na mume wenu yuko wapi?"

"Ameshafariki."

"Na mnasafiri pamoja."

"Ndiyo."

Akaitoa simu kwenye koti. "Mimi nitawaambia ni dada yako," akasema. "Hiyo nyengine itachukua muda kuieleza."

Jina lake Gerda. Alipiga namba hii, akapelekwa namba ile, ukapigwa muziki wa kungojea, akakata, akapiga tena. Mie nilimpigia Nassor. Simu ikalia tu. Alishatuambia kuwa akiwa kiwandani simu yake hukaa kabatini. Nitawaambia kweli yangu: iliposhindikana kumpata nilishusha pumzi. Ningemwambiaje? Mama yako nimempoteza, tena bila chakula?

Nikawa nauona uwanja wa ndege wa Muscat. Nawaona nduguze wamesimama pale pale tulipoagana, na mie natoka peke yangu nasukuma masanduku ya watu wawili. Nikawasikia watu, na nyinyi mlikuwemo, nisameheni. Mke mdogo kaondoka na mke mkubwa akarudi bila yeye. Nani angeuliza habari za mbwa na reli? Nani angeamini?

Gerda alisema treni nyengine ya kufuata njia ile ya kulia itatufikia pale baada ya karibu saa nzima. Nikamuuliza teksi. Akaangalia huku na huku, mashamba na ng'ombe. Mvua ikaanza, nyembamba, ya kuchoma.

Simu

Simu ya Gerda ikalia. Alizungumza Kijerumani, sentensi fupi fupi, na uso wake haukuonyesha kitu. Nilimtazama mdomo kama mtu anayengojea hukumu. Kisha akanipa simu.

Alikuwa ni mwanamke, kondakta wa kile kipande cha mbele. Kiingereza chake kilikuwa safi. Akaniambia dada yangu yuko naye, wameshuka kituo cha mwisho, penye ziwa, na amemkalisha kwenye duka la chai la kituoni. "Hali yake si nzuri," akasema. "Anatoka jasho, anatetemeka. Nimempa kinywaji chenye sukari lakini anakisukuma. Hataki kabisa."

"Mpe simu, tafadhali."

Nikasikia mguno, kikombe kikigongwa, kisha pumzi. "Mama?" akasema Da Thuweiba.

Mama yake amekufa zamani, kabla hata mie sijaolewa.

"Ni mie Raya, Da Thuweiba."

"Mama, mbwa keshaondoka?"

"Keshaondoka. Nisikilize. Umepewa kinywaji hapo?"

"Pombe," akasema, ulimi mzito. "Ya manjano. Ina povu juu. Hawa wananilazimisha, mama, na mie sitaki."

Nikamwambia anipe yule bibi. Kondakta akasema ni maji ya matufaha yaliyochanganywa na maji ya gesi, hata watoto wanakunywa, hakuna zaidi ya hayo. Nikamwambia amrudishie simu.

"Da Thuweiba, si pombe. Ni maji ya matufaha, yana gesi ndiyo maana yana povu. Kunywa."

Akaniuliza kwa sauti iliyokuwa ya kwake kidogo, "Wewe umekiona?"

"Sijakiona."

"Basi unajuaje?"

Sikuwa najua. Nilikuwa kwenye jukwaa la mvua pamoja na mbwa, na neno la mtu nisiyemjua. Na hapa niwaambie jambo ambalo wengine mnalijua na hamlisemi. Miaka yote ya ndoa zetu, Da Thuweiba hakunywa kwangu hata maji. Akija kwa msiba au kwa mtoto mgonjwa, kikombe kitawekwa mbele yake, atakishukuru, na kitabaki hapo hapo mpaka kipoe. Mie kwake nilikuwa hivyo hivyo. Mama zetu walitufunza kuwa mke mwenza hupokei kitu cha mkono wake, na sote wawili tulikuwa wasikivu.

"Kunywa," nikamwambia. "Kikiwa kitu chengine, dhambi yake naibeba mie. Mbele ya Mungu na mbele ya Nassor. Kunywa, dada yangu."

Hapakusikika kitu. Mvua ilipiga juu ya bati la kituo. Nikadhani simu imekatika, au ameanguka. Nikaita jina lake, nikaita tena. Halafu nikasikia gilasi ikigusa meno, na mtu anameza.

Kondakta akarudi. "Anakunywa," akasema. "Sasa nampa cha pili."

Nilikaa chini, siyo kwenye benchi, chini kwenye sakafu iliyorowa. Mbwa akaja akaweka kichwa chake kizito juu ya mguu wangu. Nikamwacha.

Njia panda hadi ziwani

Mnadhani khofu iliisha hapo. Haikuisha. Kwenye treni nilikuwa nawaza kuwa kinywaji kinapandisha sukari, lakini asipokula baada yake itashuka tena, na huko atakula nini, atakubali nini? Kila kituo treni iliposimama nilisimama na mie.

Gerda alikaa mbele yangu. Alikuwa anakwenda kwa nduguye upande wa kushoto, akampigia simu kumwambia asimngoje kwa chakula. Kisha akaanza kuniuliza maswali. "Nani kati yenu alipika vizuri zaidi?"

"Yeye," nikasema.

"Na mume alijua?"

"Alijua. Siku zake za kwangu alikuwa akija ameshiba."

Akacheka. Akaniuliza kama tulikuwa tukigawana siku, kama tulikuwa tukigombania sikukuu, kama watoto wanajuana. Mwanzo niliona ni udaku. Kituo cha tatu hivi nikafahamu kuwa kila nikimjibu swali, mikono yangu inaacha kutetemeka, na yeye anaitazama mikono hiyo, haniangalii usoni. Akaendelea kuuliza mpaka tukafika.

Ziwani

Duka la chai lilikuwa na meza chache na pazia la maua. Da Thuweiba alikuwa amekaa pembeni, koti la kondakta liko mabegani mwake, uso umepauka kama karatasi lakini macho yake yako mahala pake. Mbele yake gilasi mbili tupu, na kipande cha keki ambacho hakikuguswa.

Nilikuwa nimejiandaa kumkumbatia. Akaniambia, "Ulikuwa wapi?"

"Treni ilikatika, Da Thuweiba."

"Nimekwambia uniletee mkoba."

Nikasema ndiyo, umeniambia. Nikautoa mkoba, nikaitandaza mezani khanga ndogo niliyofungia chapati, nikammenyea yai la… samahani, mayai yalikuwa ya kukaanga, mnaona hata kuandika bado nababaika. Nikamkatia chapati na yai kidogo kidogo. Akala mbele za watu, mwenye duka anatutazama, na hakusema nimstiri. Nikampima kwa kimashine. Sukari ilikuwa imeshapanda vizuri.

Kondakta alikuja kuchukua koti lake, treni yake inageuza. Nikataka kumwonyesha tiketi yetu, akaisukuma na mkono. Da Thuweiba alimshika vidole akamwombea dua ndefu kwa Kiswahili na Kiarabu, na yule bibi alisimama akaisikiliza yote, treni yake inangoja.

Kisha Da Thuweiba akamwona mbwa mlangoni, akainua miguu yote miwili juu ya kiti. Gerda akamtoa, akamfunga mbali kwenye nguzo ya baiskeli, akarudi peke yake.

"Huyu nani?" Da Thuweiba akaniuliza.

"Huyu ndiye aliyekutafuta."

"Mwenye mbwa?"

"Mwenye mbwa."

Alifikiri kidogo. "Mpe visheti," akasema. "Mpe kopo lote."

Gerda alikula kimoja, akala cha pili, akauliza ni nini hicho kinachonukia ndani. Nikamwambia iliki. Akalitia kopo kwenye koti lake kubwa, akatupa mkono sote wawili, akaenda kumfungua mbwa wake.

Ziwa tuliliona, kwa hivyo msiseme hatukutembea. Mvua ilipoacha tulikaa kwenye ukuta wa mawe, maji yametulia, milima ina theluji juu, na mabata meupe yenye shingo ndefu yanatusogelea kutaka chapati. Mtu mmoja alituonyesha mashua ya kutembezea wageni. Da Thuweiba alitikisa kichwa hata kabla sijamfasiria. Hakuachia ncha ya mkono wa buibui langu mpaka tunaondoka, na mie sikuachia lake.

Kurudi

Kwenye treni ya kurudi tulikaa tumebanana, mkoba katikati. Tulipofika pale penye njia panda sauti ile ya upole ikatangaza tena, na sote wawili tukasimama. Niliuliza abiria wote wa behewa, mmoja mmoja, kama hapa hapakatwi. Wakanihakikishia hapakatwi, ila kuna mabehewa mengine yanakuja kuungwa. Kishindo kilipokuja Da Thuweiba alinikamata mkono mpaka kucha zikaingia. Nina alama mpaka leo, nikija kwenye kahawa nitawaonyesha.

Nassor alikuwa ameshafika nyumbani, anapika wali. "Kasri mmelionaje?" akauliza, mgongo wake uko kwetu.

Nikamtazama mama yake.

"Kubwa," akasema Da Thuweiba. "Lakini ngazi zake nyingi." Akaingia chumbani, na mlangoni akageuka akaniashiria nimfuate.

Alikuwa amekaa kitandani, kalamu ya sindano iko mapajani. Tulipima, sukari ilikuwa juu sana, kwa vinywaji vile na vyote vya siku ile. Alipaswa kujidunga kabla ya chakula. Akaishika kalamu, nikaona ncha inacheza hewani. Akajaribu tena. Akaiweka.

"Nidunge wewe," akasema. "Mkono wangu hautulii."

Nikamwambia nimwite Nassor.

"Nassor asijue kitu. Nidunge wewe, Raya."

Wenzangu, nilikuwa nimeogopa tangu asubuhi, lakini khofu ile ilikuwa nyengine. Nilikuwa sijapata kumdunga mtu. Sindano ile ile ndiyo iliyotaka kumuua mchana. Nilimsomea namba ya kipimo cha dawa kwa sauti, akaitika. Nikamsomea tena, akaitika tena. Akaifunua nguo yake tumboni, pale palipokuwa na madoa madogo ya sindano za miaka mingi, akageuza uso kwenye dirisha.

"Bismillahi," akasema. "Dunga."

Nikadunga. Nikahisabu pumzi zangu, nikaitoa. Hakutikisika. Alishusha nguo yake, akauweka sawa ushungi, akaniambia twende, wali unapoa.